Camaro Z/28 na Mustang Boss 302 za 1969: nimeziendesha zote mbili

Nikipewa funguo za zote mbili kwa mchana mmoja, nachukua Camaro. Nikipewa hela ya kununua moja, nanunua Mustang, wala sitafakari mara mbili.

Zote ni watoto wa Trans-Am, mashindano ya mbio za magari ya Marekani, ambako injini haikuruhusiwa kuzidi inchi 305 za ujazo, yaani lita tano hivi. Ndiyo maana Chevrolet, wenye Camaro, na Ford, wenye Mustang, wote waliishia kwenye V8 (injini ya silinda nane) ya inchi 302, na wote wakatangaza nguvu farasi 290. Mafundi wa hapa Michigan wakisikia namba hiyo wanacheka tu. Wanaamini viwanda viliipunguza makusudi.

Nilizipata kwa mzee mmoja anayekusanya magari. Camaro ukiiendesha polepole mjini inakera: klachi nzito, injini imelala. Ikishapita mizunguko 4,000 kwa dakika inageuka gari jingine kabisa, inapanda bila kuchoka na mkono wenyewe unatafuta gia inayofuata. Boss ni mvivu zaidi huko chini, kwa sababu silinda hedi zake, yaani vifuniko vya juu vya injini, zina njia kubwa mno za hewa, zimetengenezwa kwa ajili ya mwendo wa mbio. Halafu ukianza kunogewa, kidhibiti cha mizunguko kinakukata kwenye mizunguko 6,150 hivi. Kwenye kona, lakini, Boss imetulia kuliko mwenzake, hapo siwezi kuidhulumu. Na ile mistari ya ubavuni aliyobuni Larry Shinoda, mtu aliyetoka General Motors kwenda Ford, bado inageuza shingo za watu.

Kwenye viwanja vya Trans-Am, dereva Mark Donohue alitamba na Camaro ya timu ya Penske 1968 na 1969; Ford wakalipa kisasi 1970.

Sasa kwenye pesa. Boss za 1969 zilitengenezwa 1,628 tu, Z/28 za mwaka huo zilipita 20,000. Ila kwangu idadi si hoja kubwa, hoja ni ushahidi. Boss ina herufi G ndani ya namba ya chesi, na unaweza kuagiza Marti Report, ripoti ya historia ya gari inayotokana na kumbukumbu za Ford zenyewe. Z/28 ya 1969 haijitambulishi hivyo: namba ya chesi inakwambia ni V8, basi. Inabidi utafute herufi DZ zilizogongwa kwenye bloku ya injini, na herufi hugongwa upya na wajanja kila siku. Camaro za kawaida zilizovishwa mistari na beji za Z/28 zimejaa sokoni. Bila karatasi za mwanzo za gari, mimi silipi bei ya Z/28.

Ukienda kununua Boss, uliza habari za pistoni. Zile za kiwandani zinajulikana kwa kupasuka sketi, yaani sehemu ya chini ya pistoni, kwa hiyo injini iliyofunguliwa na kuwekwa pistoni imara zaidi isikutishe. Dai risiti ya fundi tu.