Mwani wa kahawia kwenye tangi dogo la maji chumvi: ununue nini kwanza, na nini ukiache dukani

Wiki ya tatu tangu uweke maji, mchanga uliokuwa mweupe pee umegeuka rangi ya kutu, ukipitisha kidole kwenye kioo kinaacha mstari na ncha inatoka na unga unga wa kahawia, na wewe tayari umeshika simu unatafuta dawa. Subiri kwanza. Mimi nimepita hapo hapo, na hela niliyotupa nikiihesabu najicheka mwenyewe, kwa hiyo leo nawapangia vitu vya kununua kwa mpangilio wangu mimi, kuanzia kile kinachofanya kazi kweli mpaka kile ambacho hata bure usichukue.

Ila kabla hela haijatoka ujue unapambana na nani. Huo mwani mara nyingi ni dayatomu, vidude vya seli moja vinavyojijengea ganda la silika, malighafi ile ile ya kioo. Rangi ya kahawia inatokana na kitu kinaitwa fukozanthini ambacho kinafunika kijani chake. Bila silika hakuna ganda, bila ganda hakuna dayatomu, na kwenye tangi dogo silika nyingi inaingia na maji unayomimina wewe mwenyewe kwa mkono wako. (Usizidharau lakini. Maganda yake yakirundikana miaka na miaka yanakuwa ule udongo mwepesi mweupe ambao Alfred Nobel aliunyonyesha nitrogliserini akapata baruti ya dainamaiti, akaisajili mwaka 1867.)

Kama tangi halijafika miezi miwili, jibu la kweli ni usinunue kitu. Karibu kila tangi jipya linapitia hii hali, zinakula silika iliyopo, ikiisha zinapungua zenyewe ndani ya wiki kadhaa, wewe badilisha maji tu na uwe na moyo. Mwongozo huu ni wa yule ambaye mwezi wa nne huo na bado kila asubuhi mchanga ni kahawia.

Alafu hakikisha sio dinoflajelata (viumbe vingine vya seli moja, kwa kifupi dino), maana zinafanana na wengi wanachanganya. Dino zina ute kama makamasi, nyuzi zinaning'inia na vipovu vya hewa kwenye ncha. Kuna jaribio la bure kabisa: nyonya kidogo ya huo uchafu, weka kwenye chupa na maji ya tangi, tikisa kwa nguvu mpaka uvurugike wote, chuja kwa karatasi ya tishu, yale maji yaliyopita yaache chini ya taa kama saa moja. Ukirudi ukakuta yamejikusanya tena yakawa nyuzi nyuzi, hizo ni dino, na nusu ya ninayosema huku chini itakuzidishia tatizo, hasa ile namba nne.

Namba moja: maji yenyewe

Najua uliingia hapa ukitegemea nikutajie kifaa chenye taa na waya. Hapana, kitu cha kwanza kununua ni maji ya RO/DI, yaani maji yaliyochujwa kwa utando mwembamba sana (RO) kisha kwa chembe za resini zinazonasa madini yaliyobaki (DI). Mtambo wake unapitisha maji kwenye chujio la mashapo, kisha mkaa, kisha utando wa RO ambao unazuia sehemu kubwa ya silika, halafu resini ya DI inamalizia kilichobaki. Kwa mwani huu resini ndo yenye kazi, mtambo wa RO peke yake bila resini unaweza kukuachia silika ya kutosha kuendeleza sherehe.

Na hapa kuna mtego ambao ulinila mimi. Ile mita ya TDS, ya kupima vitu vilivyoyeyuka majini, ikisoma 0 watu wanajipiga kifua wanasema maji safi, kumbe silika kwenye maji karibu haina chaji, mita inapima vitu vyenye chaji, kwa hiyo haiioni vizuri. Mbaya zaidi, resini ikianza kuchoka silika iko kwenye zile za mwanzo kuponyoka, mita bado inasoma sifuri na wewe unamwaga silika ndani ya tangi kwa roho safi. Ukiona kahawia imerudi ghafla kwenye tangi lililotulia, badilisha resini kabla hujagusa kitu kingine chochote.

Sasa ununue mtambo au ununue maji yaliyokwisha chujwa? Piga hesabu. Tangi la lita 50, ukibadilisha asilimia 10 kwa wiki ni lita 5, maji yanayokauka juu tuseme nusu lita kwa siku ni lita 3 na nusu, jumla hazifiki hata lita 9 kwa wiki, yaani dumu moja la wastani. Mtambo wenyewe unamwaga kama lita 3 au 4 za maji taka kwa kila lita moja safi, unataka nafasi, unataka kubadilishiwa machujio. Kwa tangi chini ya lita 100 mimi nanunua maji, ila namuuliza muuzaji swali moja, resini ulibadilisha lini? Akianza kuzunguka zunguka natafuta mwingine. Na usidanganyike na maji ya kunywa ya chupa, mengi yana madini, na ya chemchemi yanaweza kuwa na silika kibao kwa sababu yamepita kwenye miamba.

Kitu kingine, yale ya kujazia. Maji yakikauka silika haiondoki nayo, inabaki, kwa hiyo ukijazia ya bomba kila siku unaongeza juu ya ile ya jana. Mimi nilikuwa nabadilisha kwa maji safi ya kununua kila Jumamosi afu katikati ya wiki najazia ya bomba, eti si kidogo tu, nusu lita. Miezi miwili nashangaa mwani hauishi.

Namba mbili: konokono

Hawa wanafanya kazi yao mbele ya macho yako. Ukimweka mmoja jioni, asubuhi unakuta kioo kina njia safi imepinda pinda kama mtu alifuta kwa kidole. Lakini sio kila konokono, na hapa ndo watu wanauziwa wasichohitaji. Kwa kioo na mawe chukua Trochus, ana nguvu na akianguka chali anajigeuza. Astraea naye anakula vizuri ila akianguka chali kwenye mchanga mara nyingi hawezi kujigeuza, usipomwinua anafia hapo au kaa anamla. Kwa mchanga chukua Cerith, anakwangua juu na anachimba. Nassarius ni mzuri, nampenda anavyochomoza pua mchangani akisikia harufu ya chakula, lakini hali mwani, ni mla mabaki, kwa hiyo usimnunue kwa kazi hii.

Lita 50 anza na watatu au wanne basi. Ukiweka kumi mwani unaisha, wanakufa njaa, mmoja akioza chini ya jiwe usimwone, amonia inapanda na hapo una tatizo jipya. Wazoeshe taratibu kwa matone ya maji ya tangi saa nzima au zaidi, chumvi ikibadilika ghafla wanakufa. Na kama uliwahi kutibu samaki kwa dawa yenye shaba ndani ya tangi hilo hilo, usiwalete kabisa, shaba ni sumu kwao. Kaa wa kuhamia makombe wanauzwa sana kama wasafishaji, sawa, wanakula mwani, ila wanaua konokono wachukue ganda. Mimi nimeacha.

Namba tatu: mpira wa kunyonyea na sumaku ya kioo

Hela kidogo, matokeo siku hiyo hiyo. Siku ya kubadilisha maji futa kioo kwanza, mchanga uunyonye juu juu tu, kahawia itoke na maji machafu badala ya kuivuruga ibaki ndani. Bomba kubwa la sindano (bila sindano) linapulizia mawe vizuri sana. Sumaku icheki kabla hujaisugua, chembe moja ya mchanga ikinasa katikati kioo kinapata mkwaruzo wa milele, nikikaa mbele ya tangi langu naangalia wangu kila siku. Ile pamba ya chujio ibadilishe kila siku 2 au 3, ukiiacha wiki mbili uchafu ulionaswa unaozea humo humo.

Namba nne: chembe za oksaidi ya chuma, watu wanaziita GFO

Zinanyonya fosifeti (kirutubisho cha mwani) na silika pia, kwa hiyo kweli zinasaidia. Nimeziweka chini kwa sababu kwenye tangi dogo ni rahisi mno kuzidisha. Fosifeti ikishuka mpaka sifuri matumbawe yanapauka na dino ndo zinakaribishwa. Anza na nusu ya kipimo cha kwenye pakiti, zioshe vumbi mpaka maji yasiwe mekundu, na uwe na kipimo cha fosifeti mkononi, kama huna usinunue. Chembe zikishanyonya zikajaa hazifanyi tena kitu, kwa kawaida baada ya wiki chache.

Vingine navipitia haraka. Pampu ndogo ya kuzungusha maji nunua kama kuna kona iliyolala, kahawia inapenda kutua pale. Taa mpya huhitaji, weka saa tu ya kuizima ikishawaka kwa muda wa saa 8. Taa ya UV inaua kinachopita ndani yake, dayatomu zilizolala kwenye mchanga hazina habari nayo. Skima, kile kifaa kinachotoa uchafu kwa povu, ni kizuri lakini silika haitoi.

Ya mwisho kabisa: dawa ya chupa

Niliinunua, na aliyeniuzia akaniapia haiumizi kitu. Siku mbili mchanga ukawa mweupe, nikapiga na picha. Siku ya tatu kamba wangu alikuwa kalala ubavu nyuma ya jiwe, samaki wanapumulia juu, maana mwani wote ulikufa kwa mpigo ukaanza kuoza na kumaliza hewa, na lita 50 hazina pa kuficha kitu kama hicho. Nikabadilisha nusu ya maji usiku ule ule, samaki wakapona. Wiki mbili baadaye kahawia ikarudi, ikaanzia kwenye kona ile ile ninayomiminia maji ya kujazia.