Eafraya ya lita 5: kuku na samaki safi, bajia sahau

Nianze na bei ya hii eafraya (air fryer), maana ndilo swali la kwanza la kila anayeingia jikoni kwangu. Laki moja na thelathini, duka la vyombo Barabara ya Nane, Ngamiani, hapa Tanga. Lita 5, wati 1,500, ile ya kuzungusha: kitufe kimoja cha moto unaofika nyuzi 200, kingine cha dakika. Muuzaji alinisifia kwamba inakaanga bila mafuta. Kwa maneno hayo watu wananunua, na kwa maneno hayohayo mashine inaishia juu ya kabati imefunikwa kitenge.

Haikaangi, jamani. Ndani kwa juu mna koili ya moto, juu ya koili mna feni, na feni inasukuma hewa ya moto izunguke chakula kupitia matundu ya kikapu. Ni oveni ndogo yenye upepo mkali. Kwenye karai mafuta yanagusa chakula kila upande kwa mara moja. Humu ni hewa tupu, na hewa haiwezi kukausha kitu kilicholowa au kilichorundikwa. Kwa hiyo kazi kubwa unaifanya kabla ya kuwasha: kausha, paka mafuta kidogo, panga kwa nafasi.

Kuku ndiye aliyenifanya niseme pesa yangu haikupotea. Mapaja ya kuku wa kisasa nayalaza usiku kwenye ndimu, tangawizi, saumu na chumvi. Asubuhi nayafuta ngozi kwa tishu mpaka tishu itoke kavu, maana ngozi yenye maji inachemka kwanza na rangi inachelewa. Napitisha brashi ya mafuta, naweka ngozi chini, nyuzi 180 kwa dakika 12. Nageuza, napandisha 200, dakika 10 nyingine. Hapo vuta droo uangalie: ngozi imevutika, inang'aa, inatoa malengelenge madogo madogo, na mafuta yake mwenyewe yanachuruzika chini. Mafuta hayo yakiungua chini ya kikapu yanatoa moshi jikoni kote, kwa hiyo natia maji vijiko viwili vitatu kwenye droo kabla sijaanza. Choma kisu karibu na mfupa. Maji yakitoka ya waridi, rudisha. Kuku wa kienyeji usimtie mbichi, utatafuna mpaka taya ziume. Mchemshe kwanza alainike, mkaushe, ndipo umpeleke akapate rangi.

Samaki pia. Changu wa soko la samaki la Deep Sea, wale wa ukubwa wa kiganja, wawili wanakaa bila kubanana. Kikapu kipate moto kwanza kikiwa kitupu, kipakwe mafuta, la sivyo ngozi itabaki kwenye wavu nawe utapakua mifupa. Nyuzi 190, robo saa, inategemea unene. Kwa samaki wa kupaka, tui nalipika pembeni kwenye gesi mpaka lishike mwiko, nalipaka juu ya samaki aliyeiva, namrudisha kwa nyuzi 200 dakika nne tu. Tui linashika madoa ya kuungua kidogo, kama linavyotakiwa. Harufu ya mkaa haipo, hilo nakiri, na mzee wangu hachoki kunikumbusha.

Chipsi ndizo zinazogombanisha watu na mashine. Zile unazoziona kwenye video zikitoka nzuri bila mafuta mara nyingi ni za pakiti za barafu, ambazo zilishapita kwenye mafuta huko kiwandani. Kiazi chako cha Lushoto kutoka soko la Mgandini hakijapita popote. Kikate unene wa kidole kidogo, kiloweke maji baridi nusu saa kitoe wanga, kisha kikaushe kwa taulo, ukikaushe kweli. Nusu kilo, kijiko kikubwa kimoja cha mafuta, changanya kwa mkono kila kipande kipate. Nyuzi 160 mpaka kiive ndani, kama robo saa, halafu 200 kwa dakika sita au nane huku unatikisa. Chumvi mwisho. Na viazi usivihifadhi friji: baridi inageuza wanga kuwa sukari, vinakuwa vyeusi nje na vichungu kabla ndani hakujaiva. Mihogo, chemsha kwanza. Mbichi inakauka kama kuni.

Sambusa zinakubali, ila manda ni nyepesi na feni haina huruma. Ncha usiyoibandika vizuri kwa uji wa ngano inainuka, inapepea, inaungua peke yake. Brashi ya mafuta pande zote mbili, 180, geuza katikati. Zinatoka kavu, zinavunjika kwa sauti, lakini hazina ule mng'ao wa karai. Wifi yangu alizitazama akauliza kama zimepigwa draya saluni. Akala nne.

Bajia za kunde sahau. Rojo linadondoka kwenye matundu kabla halijashika. Maandazi yanatoka skonzi. Matamu ukiyanywea chai, ila usimwambie mtu ni maandazi.

Umeme sasa. Wati 1,500 kwa nusu saa ni robo tatu ya yuniti kwa kiwango cha juu kabisa, na kwa kuwa koili inazima na kuwaka, inakuja chini ya hapo. Kwa bei yetu ya kawaida ya LUKU, umeme wa kulipia kabla, ambapo elfu moja inakupa yuniti karibu 2.8, mlo haufiki mia tatu. Wenye bei nafuu ya wateja wadogo, ile yenye ukomo wa yuniti 75 kwa mwezi, wapige hesabu vizuri: nusu saa kila siku inaweza kula yuniti 22 za mwezi. Jambo lisiloandikwa kwenye boksi ni umeme mdogo wa jioni. Ukishuka kutoka volti 230 hadi 190, koili inapoteza karibu theluthi ya nguvu yake. Ndiyo maana chipsi za mchana na za magharibi hazifanani hata ukifuata dakika zilezile. Tazama rangi, achana na saa. Na taimu yangu ya kuzungusha inaendelea kuhesabu umeme ukikatika, inalia kengele huku kuku ni mbichi. Usiiamini.

Kasoro kubwa ni ukubwa. Lita 5 ni boksi kubwa mezani lakini chakula cha watu wawili, watatu wakivumiliana. Sisi ni sita. Wakati wa futari napika mizunguko mitatu na ya kwanza inapoa ikisubiri ya mwisho, kwa hiyo mwezi wa Ramadhani karai langu bado lina kazi. Mipako ya ndani nayo ni laini mno. Dada wa nyumbani aliisugua kwa stiliwaya mara moja tu na pembe zikaanza kubanduka. Sifongo na maji ya moto vinatosha, na yale mafuta ya kopo ya kupuliza yaacheni, yanaacha utando unaonata usiotoka.

Ukienda kununua, mwambie muuzaji aichomeke hapohapo dukani. Sikiliza feni, vuta droo mara kadhaa uone kama inakaa sawa, soma nyuma kama ni volti 220 hadi 240, maana zile wanazoleta ndugu kutoka Marekani ni za volti 120 na zitaungua siku ya kwanza. Plagi iwe ya pini tatu, ichomekwe ukutani na si kwenye ekstensheni ya elfu tano. Ukifika nyumbani iwashe tupu kwa robo saa karibu na dirisha, harufu ya kiwandani itoke, kisha osha kikapu. Kama nyumba yenu ni ya watu zaidi ya watatu, ongeza hela uchukue ya lita 8.