Lenzi ya 85mm f/1.8 kwenye basketi ya ukumbini: uzoefu wangu baada ya kukosea kwanza

Niseme ukweli mapema, mimi nilianza kununua lenzi kwa macho. Nikaona zumu ya 70-300mm (hizo mm ni urefu wa lenzi, namba ikiwa kubwa inavuta mbali zaidi), ndefu, ina stabilaiza, nikasema hapa sasa mchezaji hata akiwa upande wa pili wa uwanja namvuta mpaka naona jasho. Nje mchana haina neno, nimeipigia mpira wa miguu jua la saa tisa na zile picha bado nazipenda mpaka leo. Balaa lilianza nilipoingia nayo ukumbini.

Nikaweka ISO 6400 (ISO ni usikivu wa kamera kwa mwanga, ukiipandisha sana picha inajaa chenga), ambayo kwa bodi yangu, yaani kamera bila lenzi, ndio mwisho wa uvumilivu, nikavuta mpaka 300, kamera ikanipa f/5.6 (upana wa tundu la lenzi, namba ikiwa ndogo tundu ni kubwa) na shata 1/125, yaani picha inachukuliwa kwa sehemu ya 125 ya sekunde. Kwa macho ukumbi ulikuwa una taa za kutosha kabisa na hapo ndipo wengi tunapodanganyika, jicho linazoea giza polepole bila wewe kujua, sensa, kile kipande cha kamera kinachopokea mwanga, haina mazoea hayo. Nikapiga kama picha 600. Nafika nyumbani nafungua kwenye kompyuta: mistari ya uwanja imenyooka kama imechorwa na rula, mbao za sakafu unaweza kuzihesabu, namba za ubao wa matokeo zinasomeka, ila wachezaji sasa... mizimu mitupu. Mmoja ana mikono minne, mpira umekuwa yai. Picha iliyotoka safi kuliko zote ilikuwa ya refa amesimama kiuno kimeshikwa anangoja taimauti iishe.

Na stabilaiza ilikuwa imewashwa muda wote! Mimi nilidhani kazi yake ni kugandisha kila kitu. Kumbe inatuliza mkono wako wewe mwenye kamera, anayekimbia haimhusu. Ndio maana sakafu ilitoka kali na watu wakatoka moshi. Kwa hiyo kama unachagua lenzi ya basketi na mtu anakusifia stabilaiza, msikilize kwa adabu halafu muulize tundu la lenzi linafunguka mpaka namba ngapi.

Maana kesi yote iko hapo kwenye tundu. Ile hesabu nilikuwa naikimbia lakini ni fupi tu: chukua 5.6 gawanya kwa 1.8 unapata 3 na ushee, zidisha jibu hilo kwa lenyewe unakaribia 10. Maana yake lenzi ya f/1.8 inaingiza mwanga karibu mara 10 ya ile f/5.6 niliyokuwa nayo. Taa zilezile, ISO ileile 6400, shata inatoka 1/125 inakwenda 1/1250. Ile f/2.8 inakupa mara 4, yaani 1/500. Na f/4 ambayo watu wanaipenda kwa sababu ni nyepesi inakupa mara 2 tu, 1/250, na kwa 1/250 mtu anayekatiza kwenda kwenye ringi bado anaacha mkia nyuma yake. Nimejaribu.

Kwangu mimi 1/500 ndio chini kabisa, na hapo inabidi umsubiri mchezaji afike kileleni mwa kuruka kwake, pale juu kuna kasekunde kadogo mwili unakuwa kama umetundikwa, ukibonyeza hapo anakaa. Miguu na kifua vinatulia lakini vidole na mpira vinaweza kufifia kidogo. Ukipata 1/1000 ndio unaanza kusoma maandishi kwenye mpira wenyewe ukiwa angani.

Baada ya mizimu ile nikanunua 50mm f/1.8. Kilenzi kidogo, chepesi, unakisahau begani. Bodi yangu ni ya sensa ndogo ya APS-C kwa hiyo 50 inaniangalia kama 75 hivi ya fulu fremu, zile kamera za sensa kubwa. Hapo picha zikabadilika siku hiyohiyo, mara ya kwanza naona macho ya mtu anayepiga shuti, naona kamba za viatu. Furaha yangu haikupimika ila ikaja na kero mbili. Ya kwanza ni fokasi, ya kwangu ilikuwa toleo la zamani lenye kimota kidogo kinachokoroma, mchezaji akianza kasi kutoka katikati ya uwanja lenzi inamfukuza, inampita, inarudi, mpaka imempata jamaa keshafunga anarudi kulinda. Kwa hiyo ukienda kununua usiishie kwenye namba ya tundu tu, uliza na mota yake, zile za altrasoniki au matoleo mapya ya kamera zisizo na kioo cha ndani (mirrorless) zinakimbia vizuri. Na hata f/1.2 isikutie wazimu, zile 85mm f/1.2 za zamani ni vioo vizito mno, mota inavisukuma taratibu, ni lenzi za maharusi zaidi kuliko za mtu anayedanki.

Kero ya pili ni urefu. 50 ni nzuri ukiwa umekaa nyuma ya mstari wa mwisho na mchezo uko chini ya ringi upande wako, lakini mchezo ukihamia kwenye pointi tatu watu wanakuwa wadogo, unaanza kukata kata picha kwenye kompyuta na chenga za ISO zinatoka zote kama mchele.

Kulikuwa na mzee mmoja mpiga picha, hao ambao wana kiti chao pembeni ya uwanja miaka yote, nikamsogelea wakati wa mapumziko nikamwamkia nikamuuliza mzee wangu nifanye nini. Hakuniuliza nina kamera gani. Akaniuliza, "Unakaa wapi?" Nikamwonyesha. Akasema, "Kaa palepale mechi nzima halafu angalia wanaokuvutia wako umbali gani. Lenzi ndio itafuata." Basi.

Nikarudi nyumbani nikapiga hesabu. Ringi kwa vipimo vya FIBA, shirikisho la basketi la dunia, iko kama mita 1.6 ndani ya mstari wa mwisho na pointi tatu ni mita 6.75 kutoka kwenye ringi, mimi nakaa kama mita 2 nyuma ya mstari, kwa hiyo mtu anayepiga kutoka juu ya ule upinde yuko mita 10 na kidogo kutoka kwangu. 85mm kwenye sensa ndogo, kamera ikiwa imesimama wima, kwa mita 10 inachukua kimo cha kama mita 2.8. Mtu mrefu, mikono juu, mpira juu ya kichwa, viatu vimeacha sakafu, anaenea kote. Nikaagiza 85mm f/1.8.

Sasa hii ndio lenzi ninayotaka kuisifia bila aibu. Mechi ya kwanza nayo niliweka f/2, shata 1/1000, ISO 6400, manyuali yote, halafu sikugusa tena mpaka robo ya tatu. Kuna picha moja ya siku hiyo nimeiprinti: mlinzi ameruka kuzuia, kiganja kiko wazi, na katikati ya vidole vyake unaona mpira wa mwenzie umeshapita, na kuna tone la jasho limekatika kwenye kidevu liko peke yake hewani. Kwa zumu yangu ya zamani lile tone lingekuwa uzi. Nyuma watazamaji wote wamelainika wamekuwa madoa ya rangi, na hilo nalo ni muhimu kuliko nilivyofikiria, kumbi nyingi zina mabango na viti na mtu anakula, ukiwa na f/2 takataka zote hizo zinayeyuka.

Kwa nini f/2 na sio f/1.8? Ya kwangu ikiwa wazi kabisa inatoa kiuzi cha zambarau kwenye kingo za jezi nyeupe, ukifunga kidogo tu kinapungua. Na kwa waliobaki na kamera za kioo cha ndani (DSLR) kama mimi, fokasi inafanyika tundu likiwa wazi kabisa hata kama picha utaipiga kwa f/2.8, kwa hiyo lenzi ya f/1.8 inaisaidia kamera yenyewe kuona gizani. Hiyo peke yake ilinipunguzia zile picha za fokasi kudaka ukuta.

Ila isikudanganye mtu kwamba haina masharti. Kwa mita 5, 85mm ikiwa f/1.8 kwenye sensa ndogo eneo lililo safi ni kama sentimita 25 tu kutoka mbele kwenda nyuma. Yaani mchezaji anakujia, uso uko safi, mpira aliounyoosha mbele umefifia, au kinyume chake, mpira unasoma mpaka vinundu na macho ni uji. Nilikuwa natumia nukta zote za fokasi nikaacha, sasa natumia nukta moja ya katikati au kikundi kidogo, naiweka kifuani kwenye namba za jezi kwa sababu pana mistari ya kushika, modi ni ile ya kufuatilia mfululizo, AF-C au AI Servo kutegemea kamera yako. Fokasi nimeihamishia kwenye kitufe cha nyuma ili kidole cha shata kibaki na kazi moja. Wiki ya kwanza utakichukia kile kitufe.

Na wakija chini ya ringi upande wako, 85 inabana vibaya. Unapata kiwiko na nusu ya sikio. Hapo nilijifunza kuacha, nashusha kamera naangalia mechi kama mtu mwingine, au kama nimebeba bodi ya pili nachukua 50. Ukweli kwa sensa ndogo pale chini hata 35mm f/1.8 ingekaa vizuri zaidi, ndio iko kwenye foleni yangu.

Jambo lingine ambalo niliilaumia lenzi bure kabisa: taa. Nilipopanda kwenye shata za kasi nikaanza kuona picha tatu za mfululizo, moja ina rangi nzuri, inayofuata imekuwa njano-kahawia, ya tatu ina giza nusu. Nikataka kuirudisha 85. Kumbe taa nyingi za ukumbini zinapepesa mara 100 au 120 kwa sekunde kufuatana na umeme wa mahali ni wa hezi 50 au 60, jicho halioni, lakini shata ya 1/1000 inadaka kipande kidogo tu cha huo mpepeso, ukibahatika unadaka kilele ukikosa unadaka bonde. Baadhi ya kamera zina kitu cha kuzuia mpepeso kwenye menyu, inasubiri taa iwe kileleni ndio inafyatua, mwendo wa kupiga mfululizo unapungua kidogo lakini rangi zinatulia. Kama kamera yako haina, piga RAW (faili ghafi ambalo kamera haijalichakata) urekebishe rangi picha moja moja, ni kazi ya kuchosha sikatai.

Flashi sijaigusa, kumbi nyingi hawataki na mimi mwenyewe nikiwa naruka na mtu aniwashie taa machoni nitamtupia mpira.

Sasa zumu ya 70-200mm f/2.8, maana najua utauliza kwa nini sikuchukua hiyo. Nimeikodi wikiendi moja, mechi tatu. Fokasi yake ilikuwa ya kutisha, inashika mtu haimwachi, na ule uhuru wa kuzungusha mkono kutoka mchezaji wa karibu mpaka kocha anayefoka upande wa pili, 85 haikupi. Kama ukumbi una taa nzuri za mashindano na bodi yako inavumilia ISO 12800, chukua hiyo utulie, hutajuta. Kwenye ukumbi wangu lakini nilikuwa nachagua kati ya 1/500 kwa 6400 au 1/1000 kwa 12800, na bodi yangu kwa 12800 sura za watu zinakuwa kama zimepakwa udongo. Halafu uzito, kilo moja na nusu ya lenzi peke yake, mechi ya tatu nilikuwa nashika kamera kwa mkono wa kushoto unatetemeka nikawa nakosa mwanzo wa mashambulizi kwa sababu nimeishusha kupumzika. Katika picha 40 nilizobakiza za wikiendi ile, nilipoangalia taarifa za kila picha, nyingi nilizipiga kati ya 80 na 120mm, jirani na 85 yangu. Nikacheka mwenyewe. Na kiongeza urefu usifikirie kabisa ndani, kile cha mara 1.4 kinakula stopu nzima, yaani nusu ya mwanga, cha mara 2 kinakula mbili, unarudi kulekule kwenye f/5.6 ya mizimu.

Mwenye fulu fremu ajue hesabu yangu inasogea: 85 kwake ni fupi zaidi, ingebidi atazame 135mm f/1.8 au f/2 kwa yale ninayopata mimi kutoka kitini kwangu, na kina chake cha fokasi kwa f/1.8 kitakuwa chembamba zaidi hata ya hicho ninacholalamikia, ila ISO ataipandisha bila chenga kumsumbua kama mimi.

Mechi ya juzi nilipiga picha 420, nikabakiza 63. Kwa 70-300 siku ile nilibakiza ya refa.