Tangi la jerikeni saba: uzoefu wangu wa kufuga samaki wa dhahabu Kampala

Chombo changu cha kwanza kilikuwa bakuli la kioo la lita 10, yaani nusu jerikeni. Nililinunua katika duka moja la samaki wa mapambo hapa Kampala, pamoja na samaki wawili wa dhahabu, kila mmoja urefu wa kidole gumba. Nilimuuliza muuzaji kama si dogo. "Hapana nyabo (bibi), samaki hukua kufuata chombo chake." Nikamwamini. Asubuhi ya siku ya tisa binti yangu alinishika mkono akanipeleka mezani. Mmoja alikuwa akielea kwa ubavu, na maji yamekuwa meupe kama yaliyooshewa mchele.

Kilichomuua ni amonia, na amonia ndiyo sababu hasa ya ukubwa wa tangi kuwa na maana. Samaki huitoa kupitia mashavu na kinyesi chake, na chakula kilichobaki kikioza huongeza nyingine. Kwenye chujio lililokomaa kuna bakteria wanaoigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, kisha nitrati, ambayo madhara yake ni madogo zaidi. Bakteria hao huchukua kama wiki nne hadi sita kuongezeka vya kutosha. Ndani ya nusu jerikeni sumu hujaa kabla hawajafika popote. Na yale maneno ya samaki kufuata chombo si kweli: anayebaki mdogo amedumaa. Samaki wa dhahabu wa kawaida hupita sentimita 20 na anaweza kuishi zaidi ya miaka kumi akitunzwa.

Basi nikanunua tangi la pili, lenye chujio na taa, la lita 50 hivi. Lilikuwa refu kwenda juu: sentimita 30 kwa 30 chini, kimo 55. Sebuleni lilipendeza sana, na yule samaki aliyebaki nikampatia mwenzake. Kwa miezi kadhaa nilidhani nimemaliza kazi. Kisha usiku mmoja umeme ukakatika, chujio likasimama, na alfajiri nikawakuta wote wawili juu kabisa, midomo nje, wanahema. Nilikaa hapo na kikombe, nachota maji na kuyamwaga tena kutoka juu ili yapate hewa, mpaka umeme uliporudi karibu saa tatu.

Hewa huingia majini kupitia uso wa maji. Tangi lile lilikuwa na uso wa sentimita za mraba 900 tu, hata lingekuwa na kimo cha mita mbili. Kwetu sisi tunaoishi na umeme wa kukatika, naona upana ni muhimu kuliko urembo. Ukiwa dukani, zidisha urefu kwa upana kwa kimo cha maji katika sentimita, gawanya kwa 1,000, upate lita. Halafu angalia urefu na upana peke yake.

La tatu nililitengenezesha kwa fundi vioo: sentimita 100 kwa 40 kwa 40, kioo cha milimita 8, maji yakifika kimo cha 36. Hizo ni lita 144, jerikeni saba na kidogo, na uso wa sentimita za mraba 4,000. Tulijaribu kulijaza nje uani, likavuja kona moja siku ya pili. Fundi alirudi bila kubishana, akakwangua silikoni, ile gundi ya kuunganisha vioo, akaipaka upya, tukasubiri wiki nzima ndipo tukatia maji. Mwambie fundi wako asitumie silikoni ya bafuni yenye dawa ya kuzuia ukungu, kwa sababu dawa hiyo hudhuru samaki. Maji, kioo na changarawe vinafika karibu kilo 190, kwa hiyo meza ya kawaida haifai. Nilichomelewa stendi ya chuma kwa mafundi wa Katwe, hapa Kampala, nikaweka karatasi nene ya foamu chini ya kioo.

Nilihamisha na sifongo la chujio la zamani ili bakteria wahamie nalo. Kila Jumamosi natoa jerikeni mbili za maji na kurudisha mbili za bomba zilizokaa wazi siku nzima, klorini ikapungua. Ajabu kwangu ni kwamba kazi imepungua kuliko enzi za bakuli, ambalo nilikuwa nalisafisha kila baada ya siku mbili na bado linanuka. Umeme umekatika mara nyingi tangu hapo, usiku kucha mara moja, na sijawakuta wakihema tena.

Kama nyumba yako haina nafasi ya mita moja, achana na samaki wa dhahabu. Chukua gapi, samaki wadogo wa mapambo, madume watano au sita kwenye tangi la lita 40. Ukichanganya na majike, watazaa karibu kila mwezi na tangi litajaa. Jirani yangu alitaka kutia vifaranga vya ngege (tilapia) kwa kuwa ni rahisi kuvipata. Nilimsihi asifanye hivyo, maana ngege ni samaki wa bwawa na hupita sentimita 30.

Wangu sasa wana sentimita 16. Wakigeuka kwenye ukuta wa nyuma bado wana nafasi, lakini ningeagiza leo, ningemwambia fundi upana uwe 50.