Koti la mtumba la Ngamiani na siku zangu za kwanza Kiel

Mwezi Septemba 2024, wiki mbili kabla ya kusafiri kwenda Ujerumani kusomea sayansi ya bahari, nilinunua koti la baridi kwenye meza moja ya mitumba huko Ngamiani, Tanga, si mbali na soko la Mgandini. Tangu nifike Kiel, mji wa kaskazini mwa Ujerumani, nimelivaa karibu kila siku. Kwa kuwa kila mwaka wapo vijana wa Tanga wanaofunga mizigo kwenda nchi za baridi bila kujua wanunue nini na wapi, naona ni haki meza ile ielezwe kwa ukamilifu, mazuri yake na kasoro zake.

Mzee mwenye meza huuza makoti mazito na viatu vya baridi tu, biashara ambayo mgeni angeistaajabia katika mji wenye joto kama wetu. Wateja wake wakubwa ni madereva wa bodaboda, ambao huyavaa makoti hayo kujikinga na upepo wa usiku, na watu wanaopanda Lushoto, ambako mwezi Juni na Julai baridi ya milima ya Usambara haina mchezo. Mwanafunzi anayekwenda ng'ambo ni mteja wa nadra kwake. Nilipomwamkia na kumweleza safari yangu aliacha kazi aliyokuwa nayo, akaniuliza mambo matatu: ninakwenda nchi gani, nitafika mwezi gani, na kama mji huo uko pwani. Swali la tatu sikulitilia maanani mpaka nilipofika.

Makoti mawili niliyoyapenda kwa rangi aliyaweka kando bila kusema mengi. La tatu alilibinya kiganjani, akaliachia, akaniambia nitazame. Koti la poliesta iliyochoka likibinywa hubaki limebonyea, lakini hili lilifura tena taratibu kama unga uliotiwa hamira. Kisha akaligeuza ndani nje, akapapasa bitana mpaka akaipata lebo ndogo iliyoshonwa ubavuni, chini ya mfuko wa ndani, iliyoandikwa "Daunen 80%, Federn 20%".

"Mwanangu," akasema huku ameweka ukucha chini ya neno la kwanza, "haya ni yale manyoya laini ya kifuani mwa bata. Hili la pili ni manyoya yenye vijiti. La kwanza likizidi, koti ni jepesi na lina joto."

Mzee huyu hajasoma Kijerumani. Maneno hayo ameyajua kwa miaka mingi ya kufungua mabelo na kuona ni makoti gani yanarudishwa na yapi hayarudi. Alitaja shilingi 35,000, tukakubaliana 25,000, fedha ambayo kwa wakati ule haikufika euro 10. Mama alilifua mara mbili kwa mkono na kulianika uani kwetu Chumbageni hadi harufu ya belo ilipokwisha. Kwenye begi lilishindiliwa likachukua nafasi isiyozidi ya mto mdogo.

Niliwasili Kiel Jumamosi usiku, tarehe 28 Septemba. Chumba cha hosteli nilichopewa kilikuwa na kitanda na godoro tupu, bila shuka wala blanketi, na kesho yake ilikuwa Jumapili, siku ambayo maduka mengi ya Ujerumani hufungwa kwa mujibu wa sheria. Kwa masiku mawili koti lile ndilo lililokuwa blanketi langu: nililivaa kinyumenyume, mgongo wake ukiwa kifuani mwangu na kofia yake ikinifunika kidevu, nikalala. Jumatatu nilinunua blanketi, na siku zilizofuata zilikwenda katika shughuli za kutafuta miadi ya kuandikisha anuani yangu kwenye ofisi ya mji, jambo linalotakiwa kufanywa ndani ya wiki mbili tangu kuhamia, kisha bima, kisha benki. Alhamisi tarehe 3 Oktoba kila kitu kikafungwa tena kwa sikukuu ya taifa. Ninayaeleza haya kwa sababu mwanafunzi anayedhani atanunua koti akishafika hana budi kujua kwamba siku za kwanza zinaweza kupita bila yeye kupata nafasi ya kuingia dukani kwa utulivu, na kwamba fedha ya matumizi aliyotakiwa kuithibitisha ili apate viza, ambayo kuanzia Septemba mwaka huo ilikuwa euro 992 kwa mwezi, ndiyo hiyo hiyo ya pango, bima na chakula. Koti jipya la manyoya ya bata lingeng'oa sehemu kubwa ya fedha hiyo.

Kiel ipo mwisho wa ghuba nyembamba inayoingia nchi kavu kutoka Bahari ya Baltiki, na upepo wa kutoka majini hupita katika barabara zake bila kizuizi. Hapo ndipo nilipolielewa swali la mzee kuhusu pwani. Alikuwa amenichagulia koti lenye mikono iliyobanwa kwa mpira viganjani na kola inayosimama hadi masikioni, na kwa upepo halijaniangusha hata siku moja. Lina pia mistari inayong'aa mabegani, ile ambayo watu wa bodaboda huipenda. Tarehe 27 Oktoba saa za nchi nzima ziliporudishwa nyuma kwa saa moja, kama wafanyavyo huku kila mwaka baridi inapokaribia, na jua likaanza kuzama kabla ya saa kumi na moja jioni, nilishukuru sana kwa mistari hiyo kila nilipopanda baiskeli kutoka chuoni.

Kasoro ya kwanza, nayo ni kubwa, ni mvua. Manyoya ya bata yakilowa hushikana na kupoteza joto lake, na mvua ya Kiel ni ya rasharasha inayoendelea kutwa nzima huku upepo ukiupindua mwavuli. Katika wiki ya pili nilirudi chumbani koti limelowa hadi kwenye bitana. Lilichukua siku tatu kukauka, na likakauka na mabonge. Mwanafunzi mwenzangu ndiye aliyenifundisha kuliweka kwenye mashine ya kukaushia nguo kwa moto mdogo pamoja na mipira miwili ya tenisi, ili mipira ilipige na kuyatawanya manyoya. Lilifura upya, lakini nililazimika kununua koti jepesi la mvua la kuvaa juu yake.

Kasoro ya pili ni zipu. Ilikuwa inaachia tangu mezani, na fundi cherehani wa jirani alibadilisha kichwa chake kwa shilingi 3,000. Kichwa kile kilikuwa kidogo kuliko meno ya zipu, kwa hiyo kabla mwezi wa Oktoba haujaisha kilianza kuachia chini, tena asubuhi, wakati vidole vimekufa ganzi. Atakayenunua pale na akakuta zipu mbovu, aibadilishe yote na aijaribu mara ishirini kabla ya kulipa.

Kuhusu viatu vya mezani hapo ninasema wazi kwamba visinunuliwe. Nilichukua jozi ya buti zilizoonekana imara kabisa. Jumamosi moja nilikwenda Eckernförde, mji dada wa Tanga, kilomita kama 30 kutoka Kiel, kwa sababu nimekua nikilisikia jina hilo nyumbani na nilitaka kuiona pwani yake kwa macho yangu. Nikiwa ufukweni soli ya kushoto ilianza kumeguka vipande vipande kama mkate mkavu, na kabla sijafika stesheni ya kulia ikafuata. Soli za povu huozwa taratibu na joto na unyevu hata kama kiatu hakijavaliwa, na buti ile huenda ilikaa miaka kwenye maghala kabla ya kufika Ngamiani. Mzee hakunidanganya, kwani kwa kutazama tu isingejulikana, lakini hasara ilikuwa yangu.

Mwezi Novemba nilimpigia simu kumweleza yote haya. Hakujitetea. Aliniuliza kama kwenye makoti ya mvua ya huku kuna neno la kulitambua, kama lile la manyoya, nikamtumia picha ya lebo ya koti langu jipya yenye neno "wasserdicht", lisilopitisha maji. Wiki iliyofuata alinitumia picha yake: makoti manne yametundikwa peke yao upande wa kulia wa meza, lebo zote zimegeuzwa nje.