Rezini ya kukarabati boti kuukuu ya faiba: ipi ununue, ipi uiache dukani

Boti ya faiba haifi kwa uzee. Zipo zenye zaidi ya miaka thelathini baharini na bado zinabeba watu na samaki kila siku. Zinazokufa mapema mara nyingi zimeuawa na plaiwudi iliyooza ndani ya tezi, sehemu ya nyuma ya boti pale mashine inapofungwa, au na viraka vilivyobandikwa kwa rezini isiyofaa. Plaiwudi ina mambo yake. Hapa tuzungumzie rezini, yaani kimiminika kinacholowesha nyuzi za faiba na kugeuka kigumu, kwa kuwa wenye boti wengi humwachia fundi aamue, na fundi naye hununua kilichopo duka la karibu.

Boti mpya inapoundwa, tabaka moja la faiba huwekwa juu ya jingine kabla halijakomaa, yakashikana kabisa na kuwa kitu kimoja. Boti kuukuu ilishakomaa siku nyingi. Rezini utakayopaka leo haiwezi tena kuchanganyika na ile ya zamani. Itaishikilia tu, kama gundi inavyoshikilia ubao. Kwa hiyo unayekarabati unanunua gundi kwanza, ugumu baadaye. Ndiyo maana mpangilio wangu haufanani na ule wa kiwanda cha kuunda boti.

Nafasi ya kwanza: epoksi

Kwa tundu lililopenya, kwa tezi, kwa mataruma (mbavu za ndani za boti) yaliyoachia na kwa chochote kilicho chini ya mstari wa maji, nunua epoksi. Inashika faiba kavu na mbao kuliko rezini nyingine mbili, vinilesta na poliesta, haisinyai sana inapokauka, na maji huipenya kwa shida.

Kikwazo ni bei. Kilo ya epoksi inaweza kuwa mara mbili au tatu ya kilo ya poliesta, na hapo wengi hugeuka na kuondoka. Lakini piga hesabu kwa kazi nzima. Chukua kiraka cha mita moja ya mraba chenye tabaka tatu za faiba ya gramu 450 kwa mita ya mraba: hiyo ni faiba ya kilo 1.35. Ukitumia mkeka wa kawaida, ule wa nyuzi zilizokatwakatwa, na poliesta, kila kilo ya mkeka hunywa kilo mbili hadi mbili na nusu za rezini, yaani utamwaga karibu kilo tatu. Ukitumia epoksi na kitambaa kilichofumwa au kushonwa, rezini hukaribiana uzito na faiba yenyewe. Kilo moja na nusu hivi itakutosha. Pengo la bei ya rezini limepungua kwa zaidi ya nusu kabla hujamlipa fundi, na gharama ya kurudia kazi bado hatujaigusa.

Usinunue epoksi pamoja na mkeka wa nyuzi zilizokatwakatwa. Mikeka mingi ya aina hiyo imeshikanishwa kwa gundi inayoyeyushwa na staireni, kemikali iliyomo kwenye poliesta na vinilesta. Epoksi haina staireni, hivyo mkeka hubaki mgumu, haulali kwenye kona, na unaacha mifuko ya hewa. Omba kitambaa.

Kwa joto la pwani, hadina, ile dawa inayochanganywa na rezini ili ikomae, ndiyo inayowaponza watu. Epoksi huuzwa na hadina ya haraka, ya taratibu, na wakati mwingine ya taratibu zaidi kwa nchi za joto. Chukua ya taratibu. Ya haraka kwenye nyuzi 32 itaanza kuchemka ndani ya kopo ukiwa bado unapanga kitambaa, na kopo hutoa moshi kweli. Hata ile ya taratibu, ukishaichanganya imimine kwenye sinia pana ili isijikusanyie joto, na anza kazi alfajiri.

Kipimo cha hadina ya epoksi hakiongezwi wala hakipunguzwi. Kwa epoksi ya chapa ya WEST SYSTEM, mathalani, rezini 105 na hadina 206 ni tano kwa moja kwa ujazo, ilhali 209, ile ya joto, ni tatu kwa moja. Pampu ya moja haifai kwa nyingine. Fundi aliyezoea poliesta ataongeza hadina ili ikauke upesi. Kwa epoksi atapata kiraka laini kisichokomaa milele, na dawa yake ni kukibandua chote.

Epoksi ikikauka kwenye unyevu, mara nyingi huacha utelezi juu kama nta. Huo huondolewa kwa maji na sifongo la kusugulia kabla ya kupiga msasa, maana msasa peke yake huuzungusha tu. Halafu jua huila epoksi, kwa hiyo lazima uipake rangi. Rangi ya paki mbili ya poliyurethani inafaa juu ya mstari wa maji. Jelikoti (tabaka la nje la rangi linalong'aa) ya poliesta juu ya epoksi ni bahati nasibu, nyingine hubaki inanata.

Nafasi ya pili: vinilesta

Ukiwa na kazi kubwa, tuseme boti imejaa malengelenge chini na umeshaichuna jelikoti yote, vinilesta ni chaguo la heshima. Inazuia maji kuliko poliesta, inashika vizuri zaidi, inakubali mkeka wa kawaida, na jelikoti hukaa juu yake bila ugomvi. Isingekuwa umri wake mfupi ningeisogeza karibu na ya kwanza. Huhesabiwa kwa miezi tangu kiwandani, na ghala la bati lenye joto hupunguza hata hiyo. Uliza tarehe ya kutengenezwa. Muuzaji asipokuwa nayo, nenda zako.

Nafasi ya tatu: poliesta

Hii ndiyo utakayouziwa usipotaja jina. Si rezini mbaya. Boti yako yenyewe, kuna uwezekano mkubwa, imeundwa nayo. Kwa kifuniko cha boksi la samaki, kiti, mikwaruzo ya juu, na kwa kurudishia jelikoti, inatosha na kukuokolea pesa. Usiipe tezi wala mkuku (uti wa chini wa boti).

Ukiinunua, chagua aina iitwayo iso badala ya ile iitwayo otho kama duka lina zote mbili, kwani iso hustahimili maji zaidi. Uliza pia kama ina nta. Yenye nta hukauka juu bila kunata, ila lazima uipige msasa kabla ya tabaka lijalo. Isiyo na nta hubaki inanata, na huo ndio uzuri wake unapoweka tabaka nyingi.

Hadina ya poliesta huwekwa kati ya asilimia 1 na 2 ya uzito, yaani gramu 10 hadi 20 kwa kilo. Siku ya joto baki karibu na 1, lakini usishuke chini yake. Ukishuka, itaonekana imekauka huku ndani haijakomaa. Tone moja la hadina hii jichoni linaweza kupofusha, kwa hiyo nunua miwani siku hiyohiyo. Na kama umepewa chupa ya kobalti, kichocheo cha kuharakisha poliesta ikomae, usiikutanishe na hadina moja kwa moja hata kidogo: hulipuka. Kobalti huchanganywa na rezini kwanza mpaka ienee, ndipo hadina ifuate.

Rezini inayopimwa kutoka kwenye pipa na kutiwa chupa ya maji isiyo na lebo, iache, hata kama ni nusu bei. Hujui ni otho au iso, wala imekaa jua la miezi mingapi.

Isiyo na nafasi: bodi fila ya magari

Inauzwa kila mtaa, inasuguliwa kwa raha, na boti hutoka imeng'aa siku ya kukabidhiwa. Ndani yake kuna poda ya talki inayofyonza maji. Chini ya mstari wa maji itavimba na kung'oka pamoja na rangi. Ukihitaji kusawazisha, nunua poda nyepesi ya vipovu vya kioo pamoja na ya silika, uzitie kwenye epoksi ileile uliyobaki nayo hadi iwe kama siagi ya karanga.

Kabla hujafungua kopo lolote, osha boti kwa maji baridi hadi chumvi iishe, uiache ikauke kivulini wiki kadhaa. Kisha bandika kipande cha nailoni juu ya sehemu ya kazi na kuziba kingo zote kwa utepe. Asubuhi ukikuta matone chini ya nailoni, subiri. Kingo za tundu nazo zichongwe mteremko mpana: kwa ngozi ya boti yenye unene wa milimita 6, mteremko wa sentimita 7 hivi kila upande. Nunua kitambaa kwa ukubwa wa mteremko huo, maana kile cha ukubwa wa tundu hakitafika popote.