Tangi lililonilowesha kanzu, na lile ninalotumia sasa

Nilivuta sigara za Sportsman miaka kumi na moja, nikaanzia Mombasa nikafika nazo Leicester, Uingereza. Huku nikakuta pakiti moja inakula mshahara wa saa nzima ya ghalani na bado haitoshi. Nikahamia tumbaku ya kusokota, kisha zile vepu, yaani sigara za umeme, za kutupa zenye rangi za peremende. Tarehe 1 Juni 2025 Uingereza ikapiga marufuku kuziuza. Ndipo nikajikuta mbele ya kaunta naambiwa nichague tangi, kile kikombe kinachobeba juisi ya nikotini ya kugeuzwa mvuke, na mimi tangi nililolijua ni lile jeusi la maji juu ya paa.

Kama hujawahi kuvuta sigara, haya hayakuhusu na usianze. Vepu ina madhara madogo kuliko sigara, hilo hata idara ya afya ya huku inalisema, lakini nikotini ni ile ile na ikikuzoea haikuachii. Naongea na mvutaji mwenzangu anayetaka kuachana na moshi.

Duka la kwanza lilikuwa na kijana aliyekuwa anafuka mawingu kama treni ya zamani. Hakuniuliza nilikuwa navuta nini. Alinishikisha boksi zito la betri mbili, juu yake tangi nene, ndani yake koili, yaani waya wa kupashia juisi, ya wavu, yenye ukinzani wa omu 0.2, iliyoandikwa wati 60 hadi 80. "Hili ndilo linalotoka sana," akasema. Nikalipa. Nilipofika nyumbani nikalijaza juisi niliyoizoea, ya nikotini miligramu 20 kwa kila mililita, nusu PG (kimiminika chepesi) nusu VG (gliserini nzito), nikaweka wati 70, nikavuta.

Nilikaa chini pale pale kwenye ngazi. Kikohozi, machozi, kichwa kinazunguka kama nimepanda feri ya Likoni siku ya mawimbi. Na mdomoni matone ya moto, maana tangi lenyewe lilikuwa linakoroma na kunirushia juisi.

Sasa najua nilichokosea, na ni kitu ambacho mwenye duka angekimaliza kwa swali moja. Kuna namna mbili za kuvuta. Mtu wa sigara huvuta moshi ukajaa mdomoni kwanza, kisha akaushusha kifuani. Mtu wa shisha huvuta moja kwa moja hadi mapafuni kama anavyopumua. Kabla Kenya haijapiga marufuku shisha Desemba 2017, ulikuwa ukipita baraza za kwetu usiku unawatambua hawa na wale kwa mashavu tu: wa sigara yanaingia ndani, wa shisha yametulia. Matangi nayo yamegawanyika hivyo hivyo. Lile langu nene lilikuwa shisha. Koili yenye omu ndogo hupitisha umeme mwingi, hupika juisi nyingi kwa mkupuo, na hutaka hewa nyingi. Mvuke ukiwa mwingi kiasi kile, nikotini inapaswa kuwa kidogo, miligramu 3 hivi. Mimi nilitia 20. Tena juisi ya nusu kwa nusu ni nyepesi, na pamba ya koili kubwa ina matundu mapana yaliyokusudiwa juisi nzito yenye VG asilimia 70 kwenda juu. Ukiiwekea nyepesi inafurika, na ikifurika ndiyo huko kukoroma.

Basi ningeliachia hapo. Lakini nilikuwa nimeshalipa, na mtu akishalipa huwa mkaidi. Nikapunguza wati, nikanunua juisi nzito, tukazoeana kwa shida.

Agosti nikaenda nyumbani kwa harusi ya dadangu. Vepu na betri zake haziruhusiwi kwenye mzigo unaoingia tumbo la ndege, lazima zikae nawe juu, kwa hiyo nililiweka tangi kwenye begi la mkononi, limejaa nusu, limelazwa ubavu, juu ya kanzu mpya ndani ya mfuko wake. Unajua kinachotokea. Ndege ikipaa, presha ndani ya kabini inashuka, hewa iliyobaki ndani ya tangi inatanuka, inaisukuma juisi ipite kwenye koili itokee matundu ya hewa. Tangi la nusu ni baya kuliko lililojaa kwa sababu lina hewa nyingi. Nilipofungua begi Nairobi, nikiwa ndani ya treni ya Mombasa, kanzu ilikuwa na duara la manjano kifuani ukubwa wa sahani ya pilau, na behewa zima likanuka embe na mint. Mamangu aliifua mara tatu. Siku ya akdi nilivaa ya binamu yangu, fupi, inaonyesha soksi.

Niliporudi Leicester sikwenda tena duka lile. Upande wa Belgrave kuna duka dogo la mzee wa Kihindi, sigara upande huu, vepu upande ule, uvumba na kadi za simu katikati. Alinisikia nikiongea na simu, akaniuliza, "Wewe toka Mombasa?"

"Ndiyo, mzee."

"Mimi Jinja. Amin nafukuza sisi 1972, mimi iko miaka kumi na nne." Akalichukua lile boksi langu, akaligeuza, akalinusa. "Zamani wewe navuta nini, sigara au shisha?"

"Sigara, mzee."

"Sasa nani nakupa hii sufuria?"

Akacheka mwenyewe, kisha akaniambia hata angetaka kurudi kufungua duka kama hili Jinja asingeweza, sheria ya Uganda ya 2015 imezikataza vepu kabisa. Akanitolea matangi mawili juu ya kaunta: Nautilus Mini ya Aspire na Zenith ya Innokin. Yote mawili ni ya mtu wa sigara. Akaniacha niyashike.

Nautilus Mini ni nzuri mkononi na ladha yake wazee wa vepu bado wanaisifu. Ila kuijaza lazima uipindue kichwa chini, ufungue kitako pamoja na koili, umimine pembeni, ufunge, uirudishe wima. Mimi hujaza ndani ya gari saa kumi alfajiri na glavu moja. Nikaiweka chini.

Zenith inajazwa juu. Unazungusha kofia hadi alama zikutane, unaingiza mdomo wa chupa kwenye kitundu, basi. Waliochangia kuibuni ni Phil Busardo na Dimitris Agrafiotis, watu wawili waliojulikana kwa kukagua vepu, na inaonekana walichoka kuloweka vidole. Inakaa juu ya betri yoyote yenye skrubu ya 510, ambayo ndiyo saizi ya kawaida, kwa hiyo sikulazimika kununua boksi jipya. Ila lile la betri mbili kwa tangi hili ni kama kubeba jenereta kuwashia balbu moja, nikaongeza kijiboksi cha betri moja ndogo.

Ilikuja na koili mbili, ya omu 1.6 inayotaka wati 10 hadi 14, na ya omu 0.8 inayotaka 15 hadi 18. Nilianza na 1.6, wati 12, juisi ile ile ya miligramu 20 iliyonikalisha kwenye ngazi. Nikaipunguza pete ya hewa mpaka ikabana. Mvuke mdogo, wa vuguvugu, ukanigusa koo pale pale sigara ilipokuwa ikinigusa. Sikukohoa. Nilitoka nje ya duka nikavuta mara tano, nikagundua mkono wangu wa kushoto unatafuta kiberiti mfukoni.

Sasa mambo ya kila siku, maana tangi zuri unaweza kuliua kwa siku moja. Koili mpya usiiwashe kavu. Itie matone ya juisi kwenye vile vitundu vya pamba, jaza tangi, subiri dakika kumi, anza na wati za chini. Mimi mara ya kwanza kubadilisha koili nilisubiri kama dakika mbili, nikapata ladha ya gunia linaloungua, na ladha hiyo haitoki tena, koili ni ya kutupa. Juisi tamu sana, zile za keki na peremende, huacha masizi ya kahawia kwenye waya. Nilipokuwa nazo koili ilikufa siku ya tano au ya sita. Nilipohamia mint tupu ikafika wiki mbili na zaidi. Koili za akiba zinauzwa pakiti ya tano, kwa hiyo kabla ya kupenda tangi lolote uliza kwanza kama koili zake zipo duka la karibu nawe. Tangi maridadi lisilo na koili ni kioo tu.

Kitu kinachoniudhi ni ujazo. Sheria ya huku inabana tangi lisizidi mililita 2 na nikotini isizidi miligramu 20, na chupa ya juisi yenye nikotini isizidi mililita 10. Zenith ya nchi zisizo na sheria hii hubeba 4. Yangu wameijaza plastiki ndani ili ibebe 2. Hata hivyo 2 zinanifikisha jioni. Lile tangi nene lilikuwa linamaliza zake kabla sijamaliza chai, chupa nzima kwa siku. Sasa chupa moja ni siku tatu. Na kodi mpya imepangwa kuanza 1 Oktoba 2026, pauni 2.20 kwa kila mililita 10. Piga hesabu: chupa thelathini kwa mwezi ni pauni 66 za kodi peke yake, chupa kumi ni 22.

Udhaifu mwingine: kitundu cha kujazia ni chembamba, chupa zenye mdomo mnene haziingii, unabaki kuchuruzisha. Na ringi za mpira ni ndogo mno. Moja ilinitoka nikiosha, ikaenda na maji ya sinki, nikashinda nikivujisha hadi nikakumbuka zipo za akiba kwenye pakiti ya tangi. Kuvuja kwenyewe, miezi yote hii, ni mara hiyo tu. Kwenye ndege sasa nalimwaga kabisa, nalifunga ndani ya mfuko wa plastiki, naliweka mbali na nguo.

Lile nene lilikaa kwenye droo mpaka mwenzangu wa ghalani, mtu wa Unguja aliyekulia Muscat kwenye shisha, akaniomba alijaribu. Nilimwonya. Akaenda akanunua chupa kubwa ya mililita 50 isiyo na nikotini, yenye VG asilimia 70, akachanganya na kichupa cha 10 cha miligramu 18, ikamtokea 3. Akatia koili mpya, akafungua hewa yote, akavuta kifua kizima. Wiki ya pili akanijia wakati wa chai na wingu lake.

"Shemeji, hili mbona halivuji?"

Nikamwambia asipande nalo ndege.